Nel na Miluzi ya Ifor

Gethin alimrudisha Nel Jumatatu asubuhi, Eirwen hajamaliza hata chai yake. Alisimamisha gari mbele ya nyumba, akamshusha mbwa kwa kamba, akapanda naye ngazi mbili za mlangoni na kusimama pale kama mtu aliyekuja kurudisha kiti kilichovunjika mguu.

"Bibi Eirwen, samahani sana, lakini huyu mbwa wako ana walakini."

"Kakuuma?"

"Bora angeniuma. Nikimwita kulia, huyo kushoto. Nikimwita kushoto, huyo kulia. Ijumaa kaniingizia kondoo mia mbili barabarani, basi la shule limesimama, watoto wote dirishani hawana mbavu. Dereva naye anacheka."

"Pole, mwanangu. Lakini umekaa naye wiki mbili tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

"Huyu kamba yake iko kichwani, bibi," Gethin alisema, akamkabidhi kamba, akaondoka zake mbio kabla hajabembelezwa.

Eirwen alibaki na mbwa mkononi. Nel hakumtazama Gethin akiondoka wala hakumtazama Eirwen. Alitazama mlima ulio nyuma ya nyumba, kama alivyoutazama tangu siku ya kwanza, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alikuwa na miaka sita, mweusi, mwenye kola nyeupe ya manyoya shingoni, na kwa mbwa wa kondoo miaka sita ni ujana uliokwisha kupata akili.

Kwa miaka thelathini na mmoja Eirwen alipeleka barua kwenye mashamba yote ya bonde lile, na katika muda huo aliumwa na mbwa mara tisa. Mtu mwingine angewachukia. Yeye alipostaafu alianza kuwaokota: mbwa waliofukuzwa, waliozeeka, walioachwa na wenyewe waliokufa. Aliwatafutia makao mmoja baada ya mwingine, kwa maana nyumba yake ilikuwa moja ya nyumba zilizoungana kijijini, na uani kwake palitosha kamba ya nguo na pipa la taka, basi.

Nel alitoka kwa Ifor wa shamba la Bryn Eithin. Mwezi wa tatu Ifor alipigwa na kiharusi akiwa zizini. Akapelekwa hospitali, kisha nyumba ya wazee mjini. Mpwa wake alikuja kutoka mbali kufunga shamba, akauza kondoo, akauza trekta, na mbwa akamsahau ghalani kwenye mnyororo. Eirwen alimkuta siku ya tano, amelamba maji yote ya mvua yaliyopita chini ya mlango, na hakubweka hata mara moja. Siku hiyo hiyo Eirwen alikwenda kwa Ifor, akamshika mkono ulio mzima, akamwahidi: "Nitamtafutia pahali penye kondoo. Si pengine popote, Ifor. Penye kondoo."

Ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa limeanza kumchoma. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya watu wa mjini wenye roho nzuri; Nel aliwakusanya watoto kumi na wawili wa sherehe ya kuzaliwa, akawabana kwenye kona ya bustani na hakuna aliyethubutu kutoka mpaka keki ikaliwa bila wao. Nyumba ya pili ilikuwa ya mzee na mkewe waliompenda, lakini alizunguka ua wao siku nzima mpaka nyayo zikatoka damu. Gethin alikuwa wa tatu, na ndiye mwenye kondoo. Kama hata kwa Gethin ameshindikana, ataweza wapi?

Na siku zilikuwa zinahesabika. Ijumaa ya wiki iliyofuata binti yake Eirwen alikuwa anakuja kumchukua kwenda jiji la Cardiff, akapasuliwe nyonga, kisha akae kwake ghorofa ya nne wiki nane, kwenye jengo lisiloruhusu hata kasuku. Nel angekwenda kwenye makao ya mbwa ya jiji, kwenye chumba cha chuma. Mbwa aliyekwisha kuonja mnyororo.

Tena Nel alikuwa hali chakula. Alikuwa hivyo kila alikokwenda. Ukimwekea chakula, analala kando ya bakuli, anakitazama, anakutazama, anasubiri. Njaa ikimzidi sana usiku hula vipande viwili vitatu kama mwizi, na asubuhi hana raha.

Jumanne na Jumatano Eirwen alipiga simu kwenye mashamba kumi na manne. Habari za basi la shule zilikuwa zimefika kabla yake kwenye yote. Wengine walicheka, wengine walimpa pole. Mmoja aliuliza kama mbwa anakwenda kinyumenyume pia. Shamba la kumi na tano, Blaen-nant, hakulipigia. Hilo lilikuwa la Meurig, na bonde zima lilijua kwamba Meurig na Ifor, waliotenganishwa na kijito tu, hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na tisa.

Alhamisi alikwenda mnadani kujaribu kwa mdomo. Ndani ya mgahawa, watu na sahani zao, Gethin alikuwa anakisimulia kisa cha basi kwa mara ya nne, na sasa kondoo walikuwa wamefika mia tatu. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Meurig peke yake hakucheka. Alisukuma kikombe chake, akainuka, akatoka. Eirwen aliporudi kwenye gari lake alimkuta amesimama hapo, mwanaume mrefu wa miaka sabini, kofia mkononi.

"Huyo mbwa hana kosa," alisema. "Gethin ndiye anayekwenda kinyume."

"Umejuaje, Meurig?"

Meurig alijikuna shingo. Alitazama magurudumu ya gari. "Mlete kesho asubuhi," alisema, akavaa kofia na kwenda.

Lazima ujue jambo moja kuhusu watu wa bonde lile. Mtu anaweza kukuazima trekta, kukuazima dume la kondoo, hata kukuazima meno ya bandia kwa ajili ya harusi, lakini mluzi wake hakuazimi. Miluzi ya bonde zima hufanana umbo, ila kila shamba lina lafudhi yake: wa kwenda kulia, wa kwenda kushoto, wa kulala chini, wa kurudi. Kijana hufundishwa na baba yake. Kupiga mluzi wa jirani ni kuingia chumbani kwake bila kubisha hodi.

Bryn Eithin na Blaen-nant tu ndiyo yaliyokuwa na miluzi isiyotofautiana hata kidogo, kwa sababu baba wa Ifor na baba wa Meurig walikuwa kama chanda na pete. Kisha ikaja ile siku ya kukusanya kondoo wa mlimani, ukungu umeshuka, mtu haoni hata fimbo yake. Mluzi ukalia, mbwa wa Ifor akautii, akawasukuma kondoo jike kumi na moja wa Ifor mpaka korongoni. Hakupona hata mmoja. Ifor alisema mluzi ule haukuwa wake, ulikuwa wa Meurig. Meurig alisema hakufungua mdomo. Walitukanana mbele ya bonde zima, na tangu hapo, kwisha.

Yaliyofuata Meurig aliyaeleza Ijumaa asubuhi, wamesimama kwenye lango la malisho yake, Nel katikati yao ametulia kimya.

"Baada ya mambo yale, Ifor alimfundisha mbwa mpya," alisema. "Akaigeuza miluzi. Wa kulia akaufanya wa kushoto, wa kushoto akaufanya wa kulia, ili mbwa wake asije akanisikia mimi tena. Na mbwa wote waliofuata hivyo hivyo. Ninyi wa upande wa pili wa bonde mngejuaje? Gethin anapiga kama tulivyofundishwa sote."

"Maneno je? Gethin alimwambia pia kwa maneno."

"Ifor na maneno wapi na wapi? Mbwa wake hajui neno hata moja ila jina lake."

"Na wewe uliyajuaje yote haya, na hamsemeshani?"

Meurig alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Kijito kile kina upana gani, Eirwen? Kila asubuhi alikuwa anapiga, na mimi niko hapa nakamua ng'ombe. Miaka kumi na tisa. Ungefanyaje, uzibe masikio?" Kisha akasema taratibu: "Tangu mwezi wa tatu kumekuwa kimya kule. Sikipendi kimya kile."

Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga.

Nel aliinuka kama aliyeguswa na moto. Alimtazama Meurig mara moja, macho kwa macho, kisha akapita chini ya lango na kuondoka, tumbo limekaribia majani, akizunguka kwa mbali upande wa kushoto mpaka juu ya malisho. Meurig akapiga wa pili, mbwa akalala. Akapiga wa tatu, mbwa akainuka na kuwaleta kondoo sitini chini ya mteremko, taratibu, wamefungana pamoja, hakuna aliyekimbia. Wakafika langoni wakasimama. Ulimi wa Nel ulikuwa nje, na kwa mara ya kwanza tangu ghalani Eirwen aliuona mkia wake ukitikisika.

Eirwen alilia pale pale, hakujificha. Meurig alijifanya anakagua bawaba ya lango.

"Mwache hapa," alisema.

Eirwen alirudi nyumbani moyo mweupe, akafungasha nguo za hospitali. Kwa Ifor alisema tu kwamba Nel amepata pahali pazuri penye kondoo. Ifor aliuliza kwa nani, naye akajifanya anatengeneza mapazia. Alijiambia kwamba mgonjwa hapewi habari nzito.

Jumatano jioni simu ililia.

"Njoo umchukue," alisema Meurig.

"Amekosea nini?"

"Hajakosea kitu. Anafanya kazi kama malaika. Lakini hali. Siku ya tano leo. Nimempa nyama, nimempa mchuzi wa kondoo na viazi niliokuwa nile mwenyewe, nimempigia magoti, Eirwen, mimi na mgongo wangu huu. Jioni anakwenda kukaa langoni kwenye mvua, anatazama kule Bryn Eithin. Haingii ndani. Mbavu naziona zote. Mbwa asiyekula kwangu si wangu, na sitaki afie mikononi mwangu, watu waseme."

"Nipe kesho tu," Eirwen alisema. "Kesho moja."

Alhamisi asubuhi alifika kwenye nyumba ya wazee na mkate wa zabibu, kwa sababu aliyekuja kuungama haji mikono mitupu. Ifor alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, upande wa kulia wa uso umeanguka, mkono mmoja mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Maneno yalimtoka moja moja.

"Ifor, ulikuwa unamlishaje Nel?"

"Kwanza. Yuko. Wapi?"

Hakukuwa na pazia la kutengeneza tena. "Yuko Blaen-nant."

Mtumishi aliingia, akaweka vikombe, akatoka.

"Kwa Meurig," alisema Ifor.

"Kwa Meurig. Ndiye peke yake anayejua miluzi yako. Anaijua yote."

"Mwizi."

"Haya, mwizi. Lakini Nel anamfanyia kazi, Ifor, ungemwona! Ila hali. Hajala vizuri hata kwangu. Nisaidie, kesho naondoka, na Meurig hataki afie kwake kwa njaa. Atakwenda makao ya jiji, kwenye chumba cha chuma."

"Yote?" Ifor aliuliza.

"Eeh?"

"Anaijua. Yote?"

"Yote."

Kichwa cha Ifor kilitikisika. Katika jicho lake zima palikuwa na kitu kama ushindi. "Hapana. Upo. Wa mlangoni."

Aliueleza kwa shida, na Eirwen hakumharakisha. Tangu Nel akiwa mtoto, Ifor alimfundisha asiguse chakula mpaka asikie mluzi mmoja, mdogo, wa chini, unaopigwa mlangoni kazi ikiisha. Mbwa wote wa baba yake walifundishwa hivyo, wasije wakala sumu iliyotegewa mbweha au kugombania bakuli. Mluzi huo haukupigwa malishoni. Haukuvuka kijito.

"Nipigie niusikie," Eirwen alisema.

Ifor alikusanya midomo. Upande mmoja ulitii, mwingine haukutii. Ulitoka upepo na mate. Alijaribu tena, na tena, mpaka jasho likamtoka, kisha akaacha na kuuimba kwa koo, sauti tatu, labda nne. Eirwen alijaribu kuurudia. Ifor alifumba macho kwa uchungu. Na kweli Eirwen hakuwa na sauti. Katika nchi ile ambayo hata mawe yanaimba, kanisani walimsimamisha safu ya nyuma na kumwomba afungue mdomo tu.

"Siwezi, Ifor. Mimi siuwezi. Nikamlete Meurig?"

"Hapana."

Eirwen alimmiminia chai. Alimkatia mkate vipande vidogo. Hakusema kitu, na kwa mtu kama Eirwen hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kupanda mlima na mfuko wa barua.

"Siku. Ngapi?" Ifor aliuliza hatimaye.

"Hajala? Leo ya sita."

Ifor alitazama mkono wake uliolala mapajani. "Mlete. Afute. Viatu."

Meurig alikuwa anajenga ukuta wa mawe uliobomoka. Alipoambiwa aliendelea kupanga mawe. "Miaka kumi na tisa, Eirwen."

"Najua. Nilikuwa naleta barua zenu. Kila Krismasi nilikuwa na kadi za kila mtu kwa kila mtu, na kati ya nyumba zenu mbili, hakuna hata bahasha."

"Nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu. Umekwenda kujifunza mluzi. Hebu panda gari, nyonga inaniuma."

Mlangoni kwa nyumba ya wazee Meurig alifuta buti zake mpaka mtumishi akamwambia inatosha, mzee. Akaingia chumbani, akasimama mguuni kwa kitanda, kofia mikononi. Ifor alimtazama buti kwanza, kisha uso. Hawakusalimiana.

Ifor aliuimba. Meurig alisikiliza, kichwa upande, akaupiga.

"Chini," alisema Ifor.

Meurig akaupiga tena.

"Chini zaidi. Unapiga. Kama birika."

"Birika ni wewe. Imba vizuri basi."

"Sina. Mdomo."

"Basi imba polepole."

Eirwen alikaa pembeni na mkoba wake mapajani, akiogopa hata kukohoa. Waliendelea hivyo karibu nusu saa, mmoja akiimba na mate yakimtoka, mwingine akipiga, wakikaripiana kama wavulana wanaojenga zizi la mchezo. Meurig alivuta kiti bila kuambiwa. Alitoa leso yake, akamfuta Ifor kidevu bila kuomba ruhusa, akaupiga tena, laini, wa chini, na mwisho wake ukapanda kidogo.

Ifor hakusema chini wala juu. Machozi yalimshuka upande ule mzima na upande ule uliokufa.

Meurig alikunja kofia yake. "Ifor," alisema. "Siku ile ya ukungu. Mluzi ule ulikuwa wangu. Nilidhani wewe uko juu zaidi. Nilipoona kilichotokea niliogopa, nikasema uongo, na baadaye sikujua pa kuanzia kuurudisha. Nisamehe."

"Nilijua," alisema Ifor. "Siku. Ile ile." Alivuta pumzi. "Ningekusamehe. Jioni ile. Ungekuja."

Meurig aliinamisha kichwa.

"Nenda," Ifor alisema. "Kamlishe mbwa."

Waliporudi Blaen-nant kulikuwa bado na mwanga. Nel alikuwa langoni, mgongo kwa nyumba, maji ya mvua yakimchuruzika masikioni. Hakugeuka kwa mlio wa gari. Meurig aliingia jikoni, akaweka bakuli la mchuzi na viazi sakafuni, akafungua mlango, akasimama kizingitini. Mara ya kwanza mluzi haukutoka. Alijifuta kwa mkono wa koti. Mara ya pili ulitoka.

Nel aligeuka. Alimtazama mtu aliyesimama mlangoni, akaja taratibu, akasita kwenye jiwe la kizingiti. Kisha akapita kando ya mguu wa Meurig, akaingia ndani.

Eirwen alikuwa ameshapiga simu kwenye nyumba ya wazee, mtumishi amemshikia Ifor simu sikioni.

"Anakula?" ilisema sauti ya Ifor.

Eirwen alipiga magoti kwa shida, nyonga ikilalamika, akaiweka simu sakafuni karibu na bakuli, ambalo Nel alikuwa analisukuma kwa pua juu ya mawe ya sakafu, akilikwaruza kutoka meza mpaka ukutani. Meurig alikaa chini kwenye kizingiti, kofia machoni. Bakuli lilifika ukutani, likabaki tupu, na Nel akaendelea kulilamba, na kule upande wa pili hakuna aliyekata simu.